Ukiacha dayati, usishangae ukilia kwanza

Anayeacha dayati huwa anauliza swali moja: sasa nile nini? Swali hilo jepesi, majibu yake yamepangwa mafungu mafungu pale soko la Majengo, hapa Dodoma. Linalowashinda watu ni la moyoni, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudia maji ya limau ya asubuhi. Kwa hiyo ninyi mnaoanza, nawasemesha kuhusu hilo.

Kwanza utajisikia kama umefiwa. Sitanii. Miaka yote umeishi kwa ahadi: nikipungua nitavaa lile gauni, nikipungua nitasimama mstari wa mbele kwenye picha za ofisi. Siku unayosema basi, sijinyimi tena, yule mwembamba uliyekuwa unamsubiri hatafika, na lazima umlilie. Mimi kilio kilinikuta kwa fundi. Nilikuwa na gauni la kitenge nimelikunja chini ya sanduku, nikisubiri linienee. Nikampelekea, akaligeuza ndani nje, akanionyesha kwa kidole: "Dada, humu pembeni niliacha akiba. Nakufumulia sasa hivi." Akachukua wembe, akaanza kukata uzi mmoja mmoja, na mimi machozi yananitoka mbele ya wateja wake. Maskini, akadhani naogopa atachana kitambaa. Lile gauni navaa kazini hadi leo, ila ile jioni sikutaka hata kuliona.

Baada ya kilio inakuja hasira, na utaitafutia mtu wa kumtwika. Sisi huku tuna kichekesho chetu: mjini shoga yako anakwambia umejiachia, halafu ukienda Kongwa kusalimia, bibi anakushika mkono, anakuzungusha, anasema sasa umenawiri, mjini pamekukubali. Ukipungua, yuleyule bibi anauliza kwa sauti ya chini unaumwa nini. Hutawaridhisha wote wawili. Wajibu kwa adabu, "nashukuru, mimi mzima," kisha uliza habari za shamba.

Hatua inayotisha kuliko zote ni njaa kubwa. Vyakula ulivyovipiga marufuku, chapati, zege (chipsi mayai), ugali wenyewe, utavitaka asubuhi, mchana na usiku. Utasema, ndiyo haya niliyoyaogopa, mimi sina kiasi. Subiri. Mwaka 1944 kule Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema waliojitolea, akawapunguzia chakula kwa miezi sita, kiasi cha kalori 1,570 hivi kwa siku. Dayati nyingi za mitandaoni zinashuka chini ya hapo. Wanaume wale walianza kuota chakula, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mlo mkubwa wakainuka wakisema bado wana njaa. Hawakuwa walafi. Mwili unapoonja uhaba hupunguza matumizi yake, na homoni zinazoita njaa hupanda. Wazee wa Ugogo wakisimulia Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, hakuna anayewaita walionusurika walafi kwa kuwa walikula sana mavuno yaliporudi. Mwili wako nao haujui kwamba uhaba wa safari hii umeupanga mwenyewe kwenye daftari.

Njaa hiyo hupoa pale mwili unapoamini kwamba chapati itakuwepo na kesho. Ndiyo maana kuahidi "nitakula wiki hii tu, halafu Jumatatu naacha" kunaichochea upya.

Ikishapoa, ndipo utaanza kusikia mambo madogo. Mchana naletewa ugali wa mtama na mlenda na mama lishe wetu. Matonge ya kwanza utamu wake hausemeki, ule mvutano wa mlenda na harufu ya karanga. Kufika katikati ya sahani utamu unafifia, chakula kinabaki chakula tu. Mlenda haujabadilika, mwili ndio unaosema unakaribia kutosheka. Wakati wa dayati sikuwahi kulisikia hilo, kwa sababu nilikuwa nahesabu matonge.

Ila msiligeuze hili kuwa sheria nyingine. Nawaona wengi: ameacha kuhesabu kalori, sasa anajilaumu kwa sababu alikula wakati hana njaa. Evelyn Tribole na Elyse Resch, wataalamu wa lishe wa Marekani walioandika utaratibu huu wa kula kwa kuusikiliza mwili mwaka 1995, hawakuweka adhabu. Na maisha yetu hayaruhusu ukali huo. Msibani mnakula sinia moja watu watano, unakula pale linapokufikia. Ukikaribishwa kwa mtu unaonja, hata kama umetoka kushiba. Hiyo nayo ni sehemu ya kula.

Mizani itoe nyumbani. Sina maneno mengi hapo.

Wenye kisukari sikilizeni kwa makini zaidi. Msiache masharti ya kliniki kwa sababu ya maandishi haya. Dozi ya insulini hupangwa kwa kuangalia mnachokula na muda mnaokula, mkibadilisha kimyakimya sukari inaweza kushuka ghafla. Mwambieni daktari mnachotaka kufanya kabla ya kuanza, muulizeni wapi mnaweza kulegeza. Na kama umekuwa ukila kwa kujificha kisha unajitapisha, usianze peke yako: huo ni ugonjwa unaotibika, nenda hospitali, na kama unaona aibu kumweleza mtu wa mapokezi, sema tu unataka kumwona daktari.