Nailoni husinyaa, hunywea au hurudi?

SWALI: Naandika maelekezo ya kazi kwa wenzangu wa kiwanda cha maji ya chupa. Ile nailoni inayoshika chupa 12 pamoja ikipita kwenye tanuri, niseme inasinyaa, inanywea au inajikunja? Na ikitoka na mawimbi je?

JIBU: Andika *inarudi*, ndugu yangu. Neno la mafundi cherehani hilo: kitenge kisiporowekwa kabla ya kukatwa, gauni hurudi likifuliwa. Nailoni nayo ni vivyo hivyo. Ilipotengenezwa ilivutwa ingali na joto, ikapozwa kabla haijaachiwa. Ikipashwa tena, inarudi ilikotoka. Ukiogopa watu watadhani roli inazunguka kinyume, andika “inarudi kwa joto”.

Kusinyaa liachie jani, au puto la juzi. Lina makunyanzi ndani yake, na nailoni iliyobana chupa sawasawa haina makunyanzi. Kunywea ni kosa kubwa zaidi. Kinachonywea hukonda, kumbe nailoni ikirudi hunenepa! Eneo limepungua na plastiki ni ile ile, itakwenda wapi kama si kwenye unene? Pima kwa mikromita kabla ya tanuri na baada.

Kujikunja ni pale upande mmoja unaporudi zaidi kuliko wa pili. Umewahi kuona kitambulisho kimetoka kwenye laminesheni kimepinda kama kigae? Ndiko huko.

Mawimbi hutokea sehemu moja ikiwa ndefu kuliko jirani yake, mathalani kingo zimelegea na katikati pamekaza. Hapo sema nailoni *haijalala*. “Haijanyooka” halitoshi, maana hata kamba hunyooka. “Ubapa” si kosa, ila mimi nikilisikia nawaza panga.

Utahitaji neno moja zaidi: *kutuliza*. Nailoni ya poliesta isiyotakiwa kurudi hushikwa kingo kwa vibanio, ikapashwa nyuzi 200 na zaidi za Selsiasi, chini ya kiwango chake cha kuyeyuka, kisha vibanio vikasogezwa ndani kidogo ili mvuto ulegee. Ikitoka hapo hulala vizuri, na ikipata joto hurudi kidogo sana. Kwa hiyo kwenye karatasi ya stoo andika wazi: “Nailoni iliyotulizwa isipelekwe kwenye tanuri la kufungashia.” Haitabana chupa hata moja.