Maswali Yenu: Mafuta Gani kwa Bastola?

*Nina bastola ya Glock ya milimita 9, ya leseni, na ninaishi Kisauni, Mombasa. Kila mwezi napiga risasi kama 50 uwanjani. Duka linataka ninunue chupa tatu tofauti. Rafiki yangu anasema WD-40 peke yake yatosha. Nimsikilize nani?*

Wote wawili wamepitiliza. WD-40 ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na kwa kazi hiyo ni nzuri: ukinyeshewa, ipulizie. Ila sehemu yake nyepesi huruka na kuacha utando mwembamba usiohimili msuguano wala hewa ya bahari kwa muda mrefu.

Bastola inahitaji kufanyiwa mambo matatu: masizi yayeyushwe, vyuma vinavyosuguana vilainishwe, na kutu izuiwe. Mafuta ya aina ya CLP (kifupi cha Kiingereza cha kusafisha, kulainisha na kulinda) hufanya yote matatu kwa kiasi, na kwa risasi 50 kwa mwezi chupa moja yakutosha. Anayepiga mamia ndiye anayehitaji dawa ya kuyeyushia ya peke yake, kama Hoppe's No. 9, halafu mafuta mengine ya kulainishia.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma. Ukianza na slaidi huku magazini ikiwa ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe. Risasi zote zikae chumba kingine. Kwa Glock hili halina mjadala, kwa sababu haifunguki mpaka ubonyeze triga.

Mtutu ukishatoka, pitisha kitambaa kilicholowa CLP au dawa ya kuyeyushia kuanzia upande wa chemba, subiri dakika 10, kisha piga brashi kama mara 10. Brashi itokeze kabisa upande wa pili kabla ya kuirudisha. Ukiigeuza katikati, nywele zake zinapinda na haifai tena. Malizia na vitambaa vikavu hadi kitoke kisafi. Rangi ya buluu au kijani kwenye kitambaa ni shaba iliyoachwa na risasi. Lakini dawa ya kuyeyusha shaba hula pia brashi ya shaba, kwa hiyo huenda unasugua brashi yako mwenyewe ukidhani mtutu bado mchafu. Kwa dawa hiyo tumia brashi ya nailoni.

Mafuta sasa, na hapa ndipo wengi huharibu. Tone moja kwa kila reli ya slaidi, utando mwembamba nje ya mtutu, na tone moja nyuma kulia mwa fremu, pale mkono wa triga unapogusana na kile kibati kidogo. Basi. Njia ya pini inayogonga risasi ibaki kavu, na ndani ya magazini vilevile. Mafuta yakichanganyika na masizi mle yanakuwa uji mzito. Pini inakwenda kwa uvivu, fataki, kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti, inapata kijidondo tu na risasi hailii. Mafuta yanayochuruzika hadi kwenye fataki yanaweza kuiua kabisa.

*Mafuta ya alizeti, ya nazi au oili ya gari hayawezi kufanya kazi hiyo? Niko Arusha, na dawa hizo ni ghali.*

Alizeti hapana. Tazama ukingo wa nje wa kikaango cha zamani, ule utando wa kahawia unaonata: ndivyo mafuta hayo yatakavyokaa kwenye reli. Ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai huko kwenu unazijua. Oili mpya ya injini, tone moja, yaweza kukuvusha ukikwama. Iliyotumika ina asidi na chembe za chuma, usiiguse.

Mafuta ya taa huyeyusha masizi vizuri na bei yake ni nafuu, mradi ufute yote na upake mafuta baadaye. Petroli ni hatari ya moto. Tina ya kuzimulia rangi inaweza kula plastiki ya mpini.

*Napaka mafuta kila Jumapili lakini bastola inapata kutu upande mmoja. Huwa naihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi. Tanga.*

Mfuko ndio mwenye kosa. Ngozi hunywa jasho na unyevu, na yaweza kubaki na chumvi za kiwandani, kisha hukumbatia chuma usiku kucha. Vaa mfuko, usihifadhie ndani yake. Jioni futa bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uiweke kwenye sefu pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu.

Kama kutu iko ndani ya mtutu, chunguza risasi zako. Baadhi ya risasi za zamani za kijeshi, zikiwemo za Tokarev (bastola ya Kisovieti), zina fataki inayoacha chumvi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Mwaga maji ya moto ndani ya mtutu uliotolewa, ukaushe hadi ndani, upake mafuta siku hiyohiyo. Vitambaa vichafu vina madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu: usivitandaze kwenye meza ya chakula, na nawa mikono kwa sabuni na maji baridi.