Je, Degedege Huletwa na Ndege wa Usiku?

SWALI: Mwanangu wa miaka mitatu ameshikwa na degedege mara mbili. Bibi yake anasema amepitiwa na ndege wa usiku, tusimpeleke hospitali kwani sindano itamuua. Majirani nao wanadai atakuwa mwendawazimu. Dini inasemaje?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Jina la maradhi haya linatokana na "dege", ndege mkubwa, kwa kuwa watu wa pwani waliitakidi kwamba pepo mwenye umbo la ndege humpitia mtoto na kumwangusha. Na aliyewahi kumwona mtoto amekakamaa, macho yamegeuka juu na mikono inapapatika, hatashangaa kwa nini walidhani hivyo. Nao Waarabu wa zama za ujahiliya, yaani kabla ya Uislamu, walimshtua ndege kabla ya safari, akirukia kulia wakaondoka, akirukia kushoto wakarudi, na bundi wakamdhania kuwa roho ya aliyeuawa inayodai kisasi. Mtume (s.a.w.) aliyakanusha yote mawili katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim: hakuna tiyara (kubashiri mkosi kwa ndege), wala hakuna hama (huyo bundi wa kisasi).

Kwa hiyo kuitakidi kwamba ndege hudhuru kwa uwezo wake mwenyewe ni shirki. Simhukumu bibi, maana ndivyo alivyolelewa. Aelezwe kwa upole. Lisilokubalika ni kumchelewesha mtoto. Degedege mara nyingi huja na homa kali, na huku kwetu malaria haiko mbali. Anayemfukiza mavi ya tembo au kumpaka mkojo, ambao ni najisi, anampotezea saa za kumwokoa. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mwahisheni hospitali, na Al-Fatiha na Muawwidhatayni (sura za Al-Falaq na An-Nas) msomeeni njiani.

Ama hao majirani, wakumbusheni habari ya mwanamke aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba huanguka kifafa na nguo zikamvuka. Alihiarishwa baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, akachagua kusubiri, ila aombewe asivukwe na nguo. Aliyejieleza na kuchagua namna hiyo hakuwa mwendawazimu. Mwanao naye, akibaleghe na akili zake timamu, sala itamwajibikia kama wenzake, na akizimia atatawadha upya atakapozinduka.

Wallahu aalam.