Kabla ya Kuchora Barabara Inayopita Katika Halmashauri Mbili

Ninyi mnaoanza kazi katika idara za mipango miji na ujenzi za halmashauri mtakabidhiwa mapema michoro ya barabara kuu iliyokwisha kuchorwa na watu wengine. Nawashauri msianze na michoro hiyo, bali muanze na halmashauri jirani. Barabara kuu kwa kawaida husimamiwa na mamlaka ya juu, lakini ardhi ya pande zake hupangwa na serikali za mitaa, na uzuri wa barabara pamoja na utulivu wa wanaoishi kando yake hutegemea sana ardhi hiyo.

Mfano ninaopenda kuwapa wanaoanza ni Paris Pike, barabara ya takriban kilomita 20 katika jimbo la Kentucky, Marekani, inayounganisha jiji la Lexington na mji mdogo wa Paris. Inapita kati ya mashamba ya farasi, kando ya kuta za mawe ya chokaa yaliyopangwa kwa mkono bila saruji, ambazo nyingi katika eneo hilo zilijengwa na waashi wenye asili ya Ireland na Waafrika waliokuwa watumwani. Ilikuwa nyembamba na yenye ajali mbaya, kwa hiyo idara ya barabara ya jimbo ilitaka kuipanua kuwa ya njia nne. Wapinzani wa mpango huo walikwenda mahakamani, na mwaka 1979 mahakama ya shirikisho ikazuia kazi isiendelee. Barabara mpya ilikamilika mwaka 2003.

Someni kwa makini kilichofungua mkwamo huo. Hofu kubwa ilikuwa kwamba njia nne zingevuta nyumba na maduka hadi mashamba yote yamezwe, na hofu ya namna hiyo haiwezi kuondolewa na mhandisi hata awe hodari kiasi gani, kwa sababu hana mamlaka juu ya vibali vya ujenzi. Wenye mamlaka hayo walikuwa serikali ya pamoja ya jiji la Lexington na Kaunti ya Fayette, Kaunti ya Bourbon na mji wa Paris. Walipounda tume moja ya ukanda wa barabara na kukubaliana mpango mmoja wa matumizi ya ardhi, swali la upana wa barabara likawa jepesi kujadiliwa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililookoa mradi, ingawa wageni wengi husifu kuta pekee.

Hata hivyo kuta zinastahili sifa. Wasanifu wa mandhari walishiriki tangu mwanzo wa usanifu mpya, badala ya kuitwa mwishoni kupanda maua. Njia za kwenda na za kurudi zilitenganishwa ili kila upande ufuate mwinuko wake wa ardhi, na nafasi ya katikati ikaachwa ipanuke na kupungua kulingana na miti na mabonde. Vizuizi vya pembeni vilifunikwa kwa mbao, vikiwa na chuma nyuma yake. Kuta zilizokuwa katika njia ya ujenzi zilibomolewa na kujengwa upya na waashi wanaoijua kazi hiyo, jambo linalopaswa kuandikwa katika zabuni mapema, kwani mkandarasi hatalifanya kwa hisani.

Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ilhali halmashauri ndizo mamlaka za upangaji wa ardhi. Barabara moja inaweza kuvuka wilaya tatu, kila moja ikiwa na utaratibu wake kuhusu vibanda, vituo vya mabasi na miti. Kaeni na maofisa wenzenu wa jirani kabla ya upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa awali wa mradi, kufungwa, mkitembea barabara nzima pamoja na watendaji wa vijiji, ili mjue mifugo inavukia wapi, watoto wa shule wanapita wapi, na makaburi yapo upande gani. Mliyokubaliana yapelekwe katika mabaraza ya madiwani ya pande zote, yapitishwe kwa maandishi. Msisahau kifungu cha matunzo: nani anafyeka majani, nani anamwagilia miche msimu wa kiangazi, na nani analipia ukuta au taa iliyogongwa na gari mpakani mwa halmashauri mbili.