Miguu inauma ndani ya raba? Anza na kamba

Mtu anayelalamika kwamba raba za mazoezi zinamuumiza huwa na swali moja tu: ninunue zipi nyingine? Mimi kabla ya kumjibu humuuliza mawili. Panauma wapi hasa? Na panaanza kuuma baada ya muda gani? Anayesema "miguu yote inauma" bado hajaniambia kitu. Anayesema vidole vya katikati hufa ganzi kila akikimbia robo saa hivi, na ganzi huisha mara tu anapovua kiatu, ameshanipa karibu jibu lote. Kuna kinachobana, nacho huanza kubana mguu ukivimba.

Maana mguu huvimba, hilo halina mjadala. Damu huongezeka kwenye misuli inayofanya kazi, joto hupanda, na kila hatua wayo hutanuka kidogo unapobeba uzito. Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu mmoja una mifupa 26 na viungo 33, pamoja na kano, misuli na mishipa ya fahamu iliyobanana humo humo. Nafasi ya ziada haipo. Kiatu kilichokutosha barabara ulipokijaribu umekaa kinaweza kuwa kidogo katikati ya zoezi, na kiatu chenyewe hakijabadilika hata kidogo.

Mimi si daktari wala muuza viatu. Nakimbia na kufanya mazoezi ya viungo kwa miaka mingi sasa, na nimejaliwa miguu yenye kero zake: mipana mbele, myembamba kisigino, na wa kulia umeuzidi wa kushoto. Miguu ya aina hii hukulazimisha kujua mambo ambayo wenzako hawana haja nayo. La kwanza ni hili: kabla hujabadilisha kiatu, badilisha namna unavyokifunga.

Watazame watu wakivaa raba. Wengi walizifunga siku ya kwanza, na tangu hapo wanachomeka miguu hivyo hivyo, fundo halifunguliwi. Kamba ikiwa imekaza, ukuta wa nyuma wa kiatu huvunjika kwa kukanyagwa. Ikiwa imelegea, mguu unaogelea ndani. Fungua kamba mpaka chini, ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni ili kikae nyuma kabisa, kisha kaza kuanzia vidoleni kupanda juu, tundu baada ya tundu. Chini acha pawe na ulegevu, juu karibu na kifundo ndipo pakaze. Kwangu mimi, kulegeza safu mbili za chini kulitosha kuondoa ganzi ya vidole ambayo nilikuwa nimeshaanza kuizoea.

Kama panauma juu, kwenye mgongo wa mguu pale kamba zinapopishana, usishangae. Hapo zinapita kano zinazonyanyua vidole pamoja na mishipa ya fahamu, na zaidi ya ngozi hakuna cha kuzikinga. Chomoa kamba mpaka chini ya sehemu inayouma. Badala ya kuzipishanisha juu yake, pandisha kila kamba wima upande wake hadi tundu linalofuata, ndipo uendelee kupishanisha kama kawaida. Utakuwa umeacha kidirisha, na shinikizo limeondoka palipokuwa na kidonda chako. Tazama na ulimi wa kiatu, kwa sababu ukijikunja au ukitelezea upande mmoja kamba hukata mguu moja kwa moja.

Kisigino kinachopanda na kushuka kina dawa yake pia. Raba nyingi za kukimbilia zina tundu la ziada juu kabisa, limekaa nyuma kidogo ya mengine, na watu wengi hudhani ni pambo. Ingiza kamba katika tundu hilo kutoka nje kwenda ndani, upande ule ule, ili ibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sasa pitisha ncha ya kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kitashikwa bila kuubana mgongo wa mguu. Ukucha unaogeuka mweusi mara nyingi hutibika kwa njia hii hii: ni damu iliyovilia chini ya kucha baada ya kidole kugonga mbele mara maelfu, hasa mtu akishuka mlima. Watu hudhani kiatu ni kifupi tu. Kinaweza kuwa kifupi, ndiyo, lakini pia kinaweza kuwa kikubwa au kimefungwa ovyo, mguu ukawa unateleza mbele kila hatua.

Umefunga vizuri na bado panauma? Hapo tuzungumze saizi.

Toa soli ya ndani, ile inayochomoka, iweke sakafuni na uisimamie. Mbele ya kidole chako kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono, yaani sentimita moja au zaidi kidogo. Kidole kirefu si lazima kiwe gumba. Kwa baadhi ya watu ni cha pili, na hao huumia kwa kupima mahali pasipo penyewe. Kisha tazama pembeni. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya soli, kiatu hicho ni chembamba kwako, na kupanda namba hakutakusaidia sana, kwa sababu utapata urefu usiouhitaji ili kufukuzia upana. Kampuni nyingi hutengeneza kiatu kile kile kwa upana tofauti. Uliza.

Namba yenyewe usiiabudu. Kwa mfumo wa Ulaya, namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita, takriban milimita 6.7, kwa mfumo wa Uingereza na Marekani ni theluthi moja ya inchi, takriban milimita 8.5. Hata mifumo ingekuwa mmoja, kila kampuni ina kalibu yake ya kuundia kiatu, kwa hiyo namba ile ile hukaa tofauti. Kile chombo cha chuma cha kupimia mguu, alichokibuni Charles Brannock wa Syracuse, New York, hakipimi urefu na upana tu. Hupima pia umbali kutoka kisigino hadi fundo la kidole gumba, yaani pale mguu unapojikunja. Hilo watu hulisahau. Kiatu kikijikunjia mbele au nyuma ya mahali mguu wako unapojikunjia, wayo utawaka moto hata kama urefu ni sawasawa. Jaribu viatu jioni, umesimama, umevaa soksi zako za mazoezi, na uufuate mguu ulio mkubwa.

Na usikubali kuambiwa "kitalegea tu". Kitambaa cha juu huachia kidogo, urefu hauongezeki. Raba inayokuuma ukitembea hatua chache kuijaribu itakuuma zaidi ukiwa umevimba na umechoka. Benno Nigg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake walipendekeza mwaka 2015 kwamba mkimbiaji achague kiatu kwa kufuata starehe ya mguu wake, wakiamini kwamba kufanya hivyo hupunguza hatari ya kuumia. Ni pendekezo, bado si sheria, ila mimi nimelifuata na silijutii. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: rafiki anayeapa kwamba raba fulani ndizo bora duniani anausifia mguu wake, si wako.

Wengine watakuambia ulowanishe wayo, ukanyage karatasi, kisha umbo la alama likuchagulie aina ya kiatu. Jambo hili lilijaribiwa kwa askari wapya wa Marekani, wa jeshi la nchi kavu, la anga na wa Marine, katika tafiti za Joseph Knapik na wenzake zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010. Kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la wayo, jingine likapewa viatu vya aina moja bila kujali umbo. Idadi ya walioumia haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo karatasi yako iliyolowa ibaki kuwa mchezo.

Kuna pia kosa la kutumia kiatu kimoja kwa kila kitu. Raba ya kukimbilia imetengenezwa kwa mwendo wa kwenda mbele. Ukiingia nayo kwenye mchezo wa kukata kona na kuruka pembeni, mguu unateleza juu ya sponji nene na ukingo wa nje wa wayo unalipa. Wa kunyanyua vyuma anahitaji soli bapa na ngumu. Na zile mashine ambazo mguu haunyanyuki kutoka kwenye kikanyagio, kama baiskeli ya mazoezi, huleta ganzi hata kwa viatu vizuri, kwa kuwa shinikizo linabaki mahali pamoja. Legeza kamba, chezesha vidole, badilisha mkao kila baada ya dakika chache.

Soksi nitazisema kwa ufupi. Pamba hunyonya jasho na kubaki nalo, na ngozi yenye maji huchubuka upesi. Soksi za nyuzi za sintetiki au sufu nyepesi ni bora. Ukihisi sehemu inaanza kuwaka, simama hapo hapo ubandike plasta; usingoje lengelenge.

Maumivu yakianza ghafla kwenye raba ulizozipenda muda mrefu, shuku umri wake. Sponji ya katikati ya soli, ambayo kwa raba nyingi ni ya plastiki laini iitwayo EVA, hubonyea na kupoteza uwezo wa kurudi, wakati juu kiatu bado kinang'aa. Kipimo kinachotajwa sana ni kilomita 500 hadi 800, ila uzito wako, ardhi unayokanyaga na mtindo wako wa kukimbia vinaweza kukitoa nje ya mipaka hiyo. Weka raba mezani uzitazame kwa nyuma: zikiegemea upande mmoja, zimekwisha. Upande wa pili, raba mpya nazo zina fitina. Ukihama kutoka kiatu chenye kisigino kilichoinuka kwenda chenye soli bapa, mzigo unahamia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Changanya za zamani na mpya kwa wiki kadhaa, uongeze matumizi ya zile mpya polepole.

Maumivu ya kisigino yanayochoma kwa hatua za kwanza za asubuhi, yakatulia ukitembea, kisha yakarudi baada ya mazoezi, nayaweka peke yake, kwa kuwa watu huyatupia kiatu lawama yote. Mara nyingi huo ni utando mgumu wa chini ya wayo, unaotoka kisigino kwenda vidoleni, umelemewa na mazoezi yaliyoongezwa haraka mno. Kiatu kilichochakaa huchangia, lakini kununua kipya peke yake hakuponyi. Punguza mbio, nyoosha vigimbi, viringisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Kisha imarisha. Simama ukingoni mwa ngazi, kitaulo kilichokunjwa kikiwa chini ya vidole, kisigino kikining'inia. Panda kwa sekunde 3, tulia 2, shuka kwa 3, siku moja ufanye na moja upumzike. Michael Rathleff na wenzake nchini Denmark walilinganisha zoezi hili na kunyoosha wayo peke yake: baada ya miezi 3 waliofanya zoezi la kupanda na kushuka walikuwa na nafuu kubwa zaidi, na kufikia miezi 12 makundi mawili yalikuwa karibu sawa. Dawa yake, kwa maneno mengine, inataka subira ya miezi.

Kuna maumivu ambayo hayataki kamba wala ngazi. Kama unaweza kuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja mahali hasa panapouma juu ya mfupa, pakiguswa unaruka, panazidi kadiri unavyoendelea na mazoezi na usiku panakusumbua, acha kukimbia. Huenda mfupa umeanza kupasuka kwa kuchoka, na kuukazania kunaweza kuuvunja kabisa. Uvimbe usioshuka, ganzi inayobaki baada ya kuvua viatu, au kushindwa kuukanyagia mguu, vyote ni vya hospitali. Mwenye kisukari asijipime kwa maumivu, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuua hisia za nyayo na kidonda kikaota bila yeye kujua. Akague miguu yake kila siku kwa macho, na kila lengelenge aonyeshe.

Ukienda hospitali, beba raba unazofanyia mazoezi, na soli zake za ndani zikiwemo. Usizioshe wala usibadilishe kamba. Mahali soli ilipolika na alama ya vidole iliyobaki ndani humweleza daktari mengi ambayo wewe ungesahau kuyataja.