Sarafu za Fedha: Pima Kwanza, Mwaka Usome Baadaye

Ya kale ni dhahabu, tumeambiwa tangu utotoni. Msemo huo ndio ulionipotezea sehemu kubwa ya mtaji wangu wa kwanza katika biashara ya sarafu za fedha.

Sarafu yenyewe ilikuwa riale ya Maria Theresa, pana, nzito, ina sura ya malkia huyo, mtawala wa Austria, upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Imeandikwa 1780. Nilipiga hesabu ya miaka kichwani, moyo ukaenda mbio, nikalipa karibu mara mbili ya thamani ya fedha iliyomo. Wiki iliyofuata nilimpelekea mzee mmoja aliyekusanya sarafu maisha yake yote. Aliigeuza mara mbili tu. “Mwanangu, fedha hii ni halali kabisa,” akaniambia, “lakini hiyo 1780 ni alama tu.”

Akanieleza. Maria Theresa alifariki mwaka huohuo wa 1780. Kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na mwambao wa Afrika Mashariki walikwisha kuiamini riale yake na hawakutaka nyingine, iliendelea kupigwa Vienna na katika miji mingine pia, kwa sura ileile na mwaka uleule. Zimetoka mamilioni kwa mamilioni. Aliyeniuzia hakunidanganya, naye aliamini kama nilivyoamini mimi. Tuliusoma mwaka, hatukuuliza sarafu ngapi za namna hiyo ziko duniani.

Tangu siku ile naanza na mizani. Kiswahili kinaita madini na pesa kwa neno moja, fedha, na mnunuzi mgeni huchanganya hivyohivyo: anadhani bei anayotajiwa ndiyo fedha iliyomo. Zitenganishe. Riale ile ina uzito wa gramu 28.07, na fedha safi ni sehemu 833 kati ya 1,000, yaani gramu 23.39. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1, si ile aunsi ya jikoni ya gramu 28.35. Gawa, unapata aunsi 0.752. Ikiwa siku hiyo aunsi moja ni dola 30, fedha iliyomo ni dola 22 na nusu hivi. Hiyo ndiyo sakafu. Kila senti unayolipa juu yake lazima uweze kusema unailipia nini.

Mimi sarafu iliyolika, isiyo na jambo la pekee, siinunui juu ya asilimia 85 ya sakafu. Wanunuzi wanaoyeyusha hukata chao, mnada hukata chake, posta nayo ina gharama. Ukilipa asilimia 97 ukidhani umebakiwa na 3, umefanya kazi ya bure.

Jambo la pili ni kujua miaka ya mabadiliko, kwa sababu serikali nyingi zilipunguza fedha kimyakimya bila kugusa sura ya sarafu. Za Uingereza zilikuwa na asilimia 92.5 hadi 1919, zikashuka hadi 50 kuanzia 1920, na 1947 fedha ikaondolewa kabisa kwenye sarafu za matumizi. Za Marekani za senti 10, 25 na 50 zina asilimia 90 mpaka zile za 1964. Nusu dola za 1965 hadi 1970 zina 40 tu. Rupia ya India ya enzi za Victoria ina gramu 11.66 na karibu asilimia 92, lakini zile za miaka ya vita, kuanzia 1940, zilishushwa hadi 50. Na shilingi ya Afrika Mashariki ya simba na milima, ambayo watu huniletea wakiwa na matumaini makubwa, ina robo tu ya fedha kwa zile za 1921 hadi 1946. Zilizopigwa kuanzia 1948 hazina hata chembe. Nimeona mtu akinunua furushi zima la hizi za mwisho kwa sababu ya mng’ao. Iliniuma kumweleza.

Kuhusu bandia nitakaa kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi inapotea. Sumaku ni mwanzo tu: ikinasa, rudisha sarafu, lakini isiponasa hujathibitisha lolote, kwani shaba na risasi nazo hazinasi. Uzito na kipenyo vipimwe pamoja. Mghushi anayetumia shaba hupata kipenyo sawa akakosa uzito, au hupata uzito sawa akaifanya sarafu nene. Anayejua kazi yake atavipata vyote viwili karibu sawa, na hapo ndipo maji yanaponisaidia.

Weka gilasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ining’inize sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala ukuta wa gilasi. Gramu zitakazosomeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Riale halali itaongeza kama 2.75, ukigawa unapata 10.2. Sarafu ya asilimia 90 hukupa kama 10.3. Ukipata 8 na kitu, hiyo si fedha, hata ingeng’aa vipi. Inachukua dakika mbili, na haiikwaruzi sarafu. Muuzaji anayekukataza kufanya hivyo ameshakujibu.

Sasa usafishaji. Naomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Nilipata rupia tatu za Victoria zenye weusi mzuri wa miaka mingi, na mimi, kwa nia njema, nikazisugua kwa dawa ya meno hadi zikawa kama kijiko kipya. Mnunuzi aliziweka chini ya lenzi, akaniuliza nimezisugua kwa nini, akanilipa kwa uzito tu. Michirizi ile midogo haiondoki tena. Weusi ule ndio unaomwonyesha mkusanyaji kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Usisugue, usipake ndimu, usichovye kwenye dawa ya kung’arisha. Na usizihifadhi kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC. Baada ya muda hutoa utando wa kijani unaokula fedha.

Sarafu zenye thamani ya wakusanyaji ni biashara nyingine kabisa. Huko kinachohesabiwa ni uchache, alama ndogo ya kiwanda kilichoipiga, na hali yake kwa kipimo cha 1 hadi 70. Kampuni kama PCGS na NGC hupima na kuifungia sarafu kwenye kasha lenye namba. Namba hiyo itafute kwenye tovuti yao kabla ya kulipa, maana hata makasha hughushiwa. Kwa mwaka wako wa kwanza ningekushauri ubaki kwenye sarafu za kuuzwa kwa uzito, ukisoma hizo nyingine bila kununua.

Usikope ili ununue. Januari 1980 aunsi ya fedha ilikaribia dola 50, ndugu wawili wa Marekani, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, wakiwa wamejilimbikizia fedha kwa mikopo; tarehe 27 Machi mwaka huohuo ikaanguka hadi chini ya dola 11. Aprili 2011 ikapanda tena karibu na 49, na kufikia mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Mwenye deni hawezi kusubiri.

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe, uzito, ulicholipa, na bei ya aunsi siku ile.

Na kuna jambo la utu. Mara nyingi anayekuletea sarafu amefiwa. Mama mmoja alinimwagia mezani kopo la marehemu mumewe akasema, “Baba, wewe angalia tu unipe chochote.” Ndani mlikuwa na sarafu moja adimu. Nilimwonyesha, nikamweleza nitaiuza kwa takriban kiasi gani na changu kitakuwa kipi. Akaniachia zote, na tangu hapo ameniletea ndugu na majirani zake. Hata asingemleta yeyote, nisingeweza kunyamaza.

Ile riale ya kwanza sijaiuza. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi naiweka juu ya mizani kuhakikisha mizani haijapotoka. Leo imesoma 28.06.