Re: Bandeji inalowa damu baada ya opareshen ya mgongo, nimpe vidonge vingapi?

Dada wa Ngamiani, hivyo vidonge viweke chini kwanza, salamu baadae.

Umeandika binti yako kapasuliwa kunyooshwa mgongo uliopinda Dar, mmesharudi Tanga, bandeji inalowa kidogo kidogo, jirani kakwambia nunua vya kukata damu. Sasa unauliza umpe vingapi, uchanganye na daiklofenaki ya maumivu au la, shule arudi lini na usiku alaleje. Vingapi? SIFURI. Hapo ulipo nimepita na mpwa wangu, ikatugharimu thieta ya pili.

Kwetu ilianza hivyohivyo. Dada anamgeuza mtoto alasiri, anakuta doa kwenye kanga aliyolalia, katikati wekundu umefifia, pembeni limezungukwa na rangi ya chai ya rangi iliyomwagika ikakauka. Mtoto hana homa, anakula, anachati na wenzie. Mi ndo mjomba, mi ndo mwenye pikipiki, nikatumwa dukani. Kijana wa pale kavaa koti jeupe limenyooka pasi kuliko la daktari yeyote niliyemuona wodini, hajauliza kidonda kikoje, hajauliza mtoto ana kilo ngapi, hajauliza figo, hajaomba cheti, anavuta droo tu: "Aa mzee, hii ndogo, mpe traneksamiki ya kukata damu, ndo hiyohiyo wanayowawekea thieta." Mi kusikia thieta nikalainika, nikalipa, nikaomba na cha maumivu, akanipa daiklofenaki juu yake. Nikarudi nyumbani kifua mbele utadhani nimehitimu udaktari njiani.

Kinachoniuma mpaka leo yule kijana hakusema uongo, alisema nusu. Dawa kweli wanaiweka. Kunyoosha mgongo wanatenganisha misuli na mfupa pingili nyingi, wanatoboa, wanafunga skrubu na vyuma, na mfupa ukitobolewa unavuja damu sana na huwezi kuufunga uzi kama mshipa. Kwahiyo daktari wa usingizi anaanza kumuwekea kwenye dripu kabla ngozi haijachanwa, kwa kipimo cha kilo zake. Kazi yake haitengenezi damu wala haigandishi, inazuia bonge lililokwisha kuganda lisiyeyuke mapema. Basi. Waliigundua mama wa Kijapani, Utako Okamoto, na mumewe, wakaitangaza 1962, walikuwa wanahangaikia akina mama wanaokufa kwa damu ya uzazi, na ule utafiti mkubwa wa 2017 uliochukua akina mama elfu 20 kwenye nchi nyingi ndo ulionyesha inaokoa kweli, ila iwahi, ndani ya masaa 3 baada ya kujifungua. Masaa matatu jamani! Mwanao mmeshavuka Chalinze, mmeshavuka Segera, mko nyumbani mnakula samaki, hiyo damu ya thieta iliisha zamani, kinacholowesha bandeji sasa hivi ni kitu kingine.

Na hicho kitu kingine ndo hakionekani ukiwa nyumbani. Inaweza ikawa majimaji ya kawaida, sawa, inatokea. Inaweza ikawa damu imejikusanya chini ya mshono inatafuta njia. Inaweza ikawa wadudu wameingia, na kidonge cha damu hakiui mdudu hata mmoja. Sisi tulimeza, doa likapungua, tukasema mmeona? Dada akanisifia mbele ya majirani (usicheke, hiyo sifa nimeshairudisha yote). Kumbe limepungua tu lenyewe, ndani kunachemka, likarudi na harufu. Na ile daiklofenaki nayo inadhoofisha chembe za damu zinazoanzisha kuganda, yaani mtu mmoja kaniuzia cha kuzuia damu na cha kuilegeza kwenye mfuko mmoja na chenji akanirudishia!

Tukakimbilia hospitali ya Bombo, daktari kafunua bandeji, kanyamaza, kaniuliza nani kawaandikia hivi. Nikaangalia dari. Akapiga simu Dar saa hiyohiyo. Safari ya kurudi mtoto kalala siti ya nyuma, kila tuta analia, na wenye gari hii barabara mnaijua matuta yake. Kule wakamfungua upya, wakaosha mpaka kwenye vyuma, maana mdudu akishakaa kwenye chuma kumtoa ni kazi kwelikweli, halafu antibayotiki za kwenye dripu wiki kwa wiki, dada analala chini ya kitanda, mi nauza hiki nauza kile. Daktari aliyempasua akasema mngekuja doa likiwa dogo pengine ingekuwa jambo dogo. Hakunigombeza, bora angenigombeza.

Kwahiyo mi nina sheria moja tu na nitaisema kwenye kila uzi mpaka mnichoke: MGONGO ULIOPASULIWA UKILOWA, ANAJIBU ALIYEUPASUA. Sio duka, sio jirani, sio mimi. Hata hiyo traneksamiki kama inahitajika ataandika yeye, maana ana rekodi zake, anajua kama kuna historia ya damu kuganda kwenye mguu, anajua figo, na dozi ikizidi sana inaweza kuleta degedege.

Kama kuna homa, usaha, harufu, au yale maji ni meupe kabisa kama ya kunywa na kichwa kinamuuma akikaa kinapoa akilala, au miguu inakufa ganzi, au mkojo hautoki, au mguu mmoja umevimba unauma, usisubiri kesho, pita Bombo usiku huuhuu.

Kama hayo hayapo, chukua biro uzungushie ukingo wa hilo doa juu ya bandeji, andika saa, piga picha, usifunue wala usipake kitu. Karatasi ya ruhusa mliyopewa mara nyingi huwa na namba ya wodi au ya kliniki, wapigie sasa hivi, wakikwambia njoo nendeni. Halafu urudi hapa uandike wamesemaje, na useme pia lilianza kulowa lini, hilo hujaandika.